Gemu ya kulipia kila mwezi: jinsi ya kujua kama inakufaa kabla hujaingiza kadi

Kuna mdogo wangu hapa mtaani alinifuata juzi na simu mkononi, kafungua ukurasa wa kulipia World of Warcraft, ananiambia kaka nilipie au niache? Nikamuuliza umeshaicheza ile sehemu ya bure? Hajaicheza. Umepima pingi, yaani muda ambao kitufe ulichobonyeza kinafika seva na kurudi? Hajapima. Unacheza saa ngapi kwa wiki? Hajui. Nikamwambia funga kwanza hiyo simu tukae chini, na yale niliyomwambia siku ile ndo nayaandika hapa kwa kirefu, sababu wanaouliza ni wengi na majibu wanayopewa ni "gemu kali mzee, lipia tu", na aliyemjibu hivyo siyo anayelipa.

Mimi nacheza Final Fantasy XIV kutokea Dar, seva za Ulaya, na kabla ya hapo nimekaa World of Warcraft muda mrefu. Hela nimeshapoteza. Kuna gemu moja ilinikata miezi mitatu mfululizo na hata kuifungua sijaifungua, kumbe malipo ya kujirudia sikuyazima, nimekuja kushtuka kwenye meseji za benki. Iliniuma kwa kweli, kwa sababu mwezi ule nyumbani tulikuwa tunabana hadi bando.

Kabla ya hatua zozote shika hili: ada ya mwezi ni kodi ya chumba. Gemu ya kawaida ukiinunua ni yako, ikae mwaka mzima hujaigusa haikudai kitu. Hii ya kulipia mwezi hata ukisafiri, hata umeme ukikatika wiki, hata ukiumwa, mwenye nyumba anahesabu siku. Kwa hiyo swali siyo kama gemu ni nzuri, nzuri zipo kibao, swali ni utalala humo ndani siku ngapi kwa mwezi.

Hatua ya 1: jua hiyo ada inafungua mlango upi

Watu wanachanganya hapa kila siku. Ada hazifanani.

Aina ya kwanza ni ile ambayo bila ada mlango unafungwa. World of Warcraft na Final Fantasy XIV ziko hapa. WoW ina sehemu ya bure mpaka leveli 20, zaidi ya hapo unalipa, bei ya Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi na imekuwa hiyohiyo tangu gemu inatoka mwaka 2004. Uzuri wake ni kwamba tangu 2018 ukilipa ada unapata na nyongeza zote za zamani (zile sehemu mpya za gemu zinazotoka kila baada ya muda), inayouzwa kando ni ile mpya ya mwisho tu, na WoW Classic nayo imo ndani ya ada hiyohiyo. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure ambalo halina mwisho wa siku, na tangu Oktoba 2023 linakupeleka mpaka leveli 70, hapo kuna stori na mapango ya kukumaliza miezi. Miezi kabisa, sitanii.

Aina ya pili nusu iko wazi. Old School RuneScape unacheza bure miaka ukitaka, ukilipa dunia inapanuka na kazi zinaongezeka. EVE Online tangu Novemba 2016 ina wachezaji wa bure wanaitwa Alfa, anayelipa anaitwa Omega, na huyo Omega anajifunza ujuzi haraka mara mbili. Sasa EVE ina kitu cha kukiangalia kwa makini, ujuzi unaendelea kupanda hata ukiwa umelala au uko kazini, kwa hiyo mtu anajikuta analipa ili saa isisimame na siyo kwa kuwa anacheza. Ukijiona umefika hapo, wewe umeshahama chumba bado unalipa kodi.

Aina ya tatu ada ni ya kukurahisishia maisha. The Elder Scrolls Online unainunua mara moja unacheza, ada yake ya hiari inakupa mfuko wa malighafi usiojaa na nyongeza nyingi za gemu. Kama wewe siyo mtu wa kukusanya majani na vyuma, wala hutaona tofauti.

Aina ya nne ni ada ya mashine yenyewe, kama PlayStation Plus. Hii unaihitaji kucheza onlaini gemu ulizonunua kama EA Sports FC, ila gemu za bure kama Fortnite haziidai, na Final Fantasy XIV kwenye PlayStation haiidai pia, ina ada yake peke yake. Nimeshaona mtu analipia PlayStation Plus mwaka mzima na gemu anayocheza ni Fortnite tu. Kuna vitu vingine alivipata humo, sawa, lakini lengo lake lilikuwa kucheza onlaini na hilo alikuwa nalo bure.

Hatua ya 2: piga hesabu ya gharama yote

Bei iliyoandikwa siyo unayolipa. Tuchukue Final Fantasy XIV, ada ndogo ni dola 12.99 na kubwa ni 14.99. Tofauti yake ni idadi ya wahusika tu, ile ndogo unakuwa na mmoja kwa kila seva, na kwenye gemu hii mhusika mmoja anajifunza kazi zote, anaweza kuwa mganga leo kesho mpiga upanga. Kwa hiyo chukua ndogo, usifikirie mara mbili.

Dola 12.99, tuseme benki inakubadilishia kwa shilingi 2,600 kwa mfano, inakuja kama 33,800. Kama duka linatoza VAT ya Tanzania ongeza asilimia 18, unafika karibu elfu 40. Kwa ndugu zetu wa Kenya, dola kwa 130 na VAT ya asilimia 16, ni kama shilingi 1,960. Halafu angalia makato ya kadi yenyewe, benki nyingi zina chao kwenye muamala wa nje na kiwango chao cha kubadilisha dola siyo kile unachokiona ukigugo. Njia rahisi ya kujua: nunua kitu cha dola moja au mbili kwanza, angalia meseji imekata ngapi, gawanya. Hiyo ndo bei yako ya dola, andika pembeni.

Kisha kuna gemu yenyewe kuinunua, ukinunua Final Fantasy XIV mara ya kwanza unapewa na siku 30 ndani yake, na kuna kuishusha. Hapa ndo kuna mzigo. Final Fantasy XIV inataka nafasi ya GB 140 kwenye kompyuta, WoW nayo inapita GB 100. Kwa mtu wa bando la simu hiyo ni hela kubwa kuliko ada ya mwezi, so tafuta faiba ya mtu, ya ofisini kama wanaruhusu, uache laptopu inashusha usiku kucha. Ila kucheza kwenyewe hakuli bando kama watu wanavyoogopa, mimi nilipima nikakuta saa moja haifiki MB 100. Kinachokula ni maapdeti, yanakuja ya GB kadhaa na hayakupi chaguo, bila apdeti huingii. Old School RuneScape ndo mkombozi kwa wenye intaneti ndogo, ni nyepesi, na hata simu ya kawaida inaicheza.

Hatua ya 3: pingi, na hapa usidanganywe na mtu wa Ujerumani

Magwiji wengi wanaokusifia gemu wanaishi karibu na seva. Seva za Ulaya za Final Fantasy XIV ziko Ujerumani. Mimi kwa faiba ya Dar napata kama milisekunde 170, kwa bando la simu inapanda na kushuka, mara 190 mara 300. Seva za Marekani ndo usiseme.

170 inachezeka? Inategemea gemu. Final Fantasy XIV pigo kuu linajirudia kila sekunde 2.5, hiyo ni nafasi ya kupumua, ndo maana sisi wa huku tunaiweza. Kinachosumbua ni ile miduara ya rangi ya chungwa inayotokea chini kabla bosi, yule adui mkubwa, hajapiga. Ile fimbo ya bosi, yaani mstari unaojaa kioo kikionyesha anaandaa pigo, ikijaa, seva inaangalia ulikuwa umesimama wapi kwa hesabu yake yeye, siyo kwa kioo chako. Unajiona umeshatoka nje ya duara kabisa, miguu yote iko nje, halafu unakufa. Mwanzoni nilidhani gemu imeharibika. Dawa yake ni kuondoka mapema, usisubiri fimbo ijae, ukiona imefika robo tatu uwe umeshatoka, na baada ya wiki mbili mwili unazoea. Lakini kama unataka gemu ya kulengana risasi au kupigana mtu na mtu kwa kasi, 170 itakuumiza roho na hakuna kuzoea.

Namna ya kupima: kwenye WoW weka mshale juu ya alama ya menyu chini ya kioo, itakuandikia kuchelewa kwako, na hii unaipima ukiwa kwenye sehemu ya bure kabla hujatoa hata mia. Kwa gemu nyingine, cheza jaribio kwa siku tofauti na saa tofauti, hasa saa mbili mpaka saa tano usiku ambapo mtaa mzima uko kwenye intaneti. Kupima saa nne asubuhi hakukusaidii kitu, muda huo haupo nyumbani.

Na kumbuka njia yetu ya kwenda Ulaya ni nyaya za baharini, nyingine zinapanda Bahari ya Shamu, nyingine zinazungukia Afrika Kusini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Tanzania na majirani ikawa ya kubembeleza kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ada inaendelea kuhesabika. Kampuni hufidia pale tatizo linapokuwa lao, kama Desemba 2021 foleni za kuingia Final Fantasy XIV zilipozidi mpaka Square Enix, wenye gemu, wakasimamisha mauzo na kuwapa waliokuwa wamelipa siku 7 za bure, kisha nyingine 14. Waya ukikatika baharini huko hakuna wa kukufidia.

Hatua ya 4: daftari

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote unaweza kuzipita haraka ila hii ifanye kwa wiki nne nzima kwenye sehemu ya bure.

Chukua daftari la kawaida, la mia tano linatosha, au noti kwenye simu. Kila ukicheza andika siku, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na mstari mmoja wa ulichofanya na ulivyojisikia. Hivi ndo yangu ilivyokuwa, nanakili ilivyo:

"Jumatano, saa 3 hadi saa 5 usiku. Bosi mkubwa, tulikuwa watu 8, tumekufa mara nne ya tano tukamuua. Nimefurahi sana."

"Ijumaa, saa 2 hadi saa 4. Foleni dk 40. Nimechimba mawe. Sijui nimefanya nini."

Ukisoma mistari hii baadaye utaona kuna saa za raha na kuna saa za kusukuma muda. Weka alama ya tiki kwenye za raha peke yake. Wiki ya kwanza mimi nilicheza saa 14, ya pili 9, ya tatu 6, ya nne 5. Mtu akichukua wiki ya kwanza kuwa ndo kipimo atasema nacheza saa 56 kwa mwezi, hiyo ada bei rahisi! Siyo kweli. Wiki ya kwanza kila gemu ni tamu, ni kama fungate. Chukua wiki ya tatu na ya nne, tafuta wastani, zidisha kwa nne. Kwangu ilikuja saa 22. Elfu 40 gawa kwa 22 ni kama 1,800 kwa saa.

Sasa 1,800 ni nyingi au kidogo? Usilinganishe na gemu nyingine, linganisha na kitu ambacho tayari unakitolea hela na hujutii. Pale mtaani kwetu banda la gemu mechi moja ni jero, saa nzima ukicheza mfululizo inakula kama buku mbili na nusu, na nilikuwa nikienda bandani kila Jumamosi bila kulalamika. Kwa hiyo kwangu 1,800 ilikuwa sawa. Ingekuwa nacheza saa 8 kwa mwezi ingekuja elfu 5 kwa saa, na hapo ningebaki bure bila aibu yoyote.

Halafu rudia hesabu kwa zile saa zenye tiki tu. Kama raha ni saa 6 kati ya 22, basi saa moja ya raha inakugharimu kama 6,700, na hizo nyingine 16 ni kazi unayolipia kuifanya. Hapo ndo wengi wanapata jibu lao bila kuuliza mtu.

Hatua ya 5: watu, na saa zao

Hizi gemu bila watu ni nyumba kubwa haina mtu. Stori nyingi unaweza kucheza peke yako, na kama unapenda hivyo ni sawa, ila kumbuka stori ya peke yako ukitaka utaipata kwenye gemu ya kununua mara moja. Unacholipia kila mwezi ni wale watu saba wanaokungoja Jumatano.

Kwa hiyo angalia saa. Gildi, yaani vikundi vya wachezaji, nyingi za Ulaya zinaanza mapambano ya kupangwa saa 20:00 ya kule. Majira yao ya joto hiyo ni saa tatu usiku kwetu, inawezekana. Kipupwe kikifika wanarudisha saa nyuma, inakuwa saa nne usiku kwetu na wanamaliza saa saba. Mtu wa kuamka saa kumi na moja kuwahi daladala hawezi hiyo. Marekani ya mashariki ndo balaa, saa 20:00 yao kipupwe ni saa kumi alfajiri kwetu. Usiingie gildi ya Marekani kwa sababu rafiki yako mmoja yuko Minnesota, isipokuwa na yeye yuko tayari kucheza wikiendi mchana.

Zipo na saa nzuri kwetu. Final Fantasy XIV kazi za kila siku zinaanza upya saa kumi na mbili jioni ya Afrika Mashariki, na za kila wiki Jumanne saa tano asubuhi, yaani ukitoka kazini ukala, kila kitu ni kipya kinakusubiri.

Shida ni kwamba jaribio la bure la Final Fantasy XIV halikuruhusu kuingia gildi, wala sokoni, na pesa za ndani zinagota 300,000. Kwa hiyo watu watafute nje ya gemu kabla hujalipa. Ingia Discord (app ya kuchati na kuongea kwa makundi) ya gildi, waambie uko kwenye jaribio, kaa wiki mbili usikilize. Wanasalimiana? Mgeni akiuliza swali la kijinga wanamjibuje? Gildi yangu niliichagua kwa kitu kidogo sana, kuna binti alikuwa mgeni akaua kundi zima kwa kusahau kuponya, na kiongozi akamwambia haya tena, safari hii nitakuhesabia. Akamhesabia kweli, moja mbili tatu ponya, jioni nzima. Nikasema hawa nawalipia.

Hatua ya 6: angalia historia ya ada yenyewe

Hii fupi. Gemu mpya ikitoka na ada ya mwezi usikimbilie, mara nyingi ada yenyewe haidumu. Star Wars: The Old Republic ilitoka Desemba 2011 na ada, Novemba 2012 ikafungua mlango wa bure. The Elder Scrolls Online ilitoka Aprili 2014 na ada ya lazima, Machi 2015 wakaiondoa. WildStar ilitoka Juni 2014, mwaka uliofuata ikawa bure, Novemba 2018 ikazimwa kabisa. Ukisubiri mwaka mmoja hupotezi kitu, gemu kama ni nzuri utaikuta. WoW na Final Fantasy XIV ada zake zimeshakaa miaka mingi, hizo hazina dalili ya kukupandisha leo kesho zikuache, ingawa hata Final Fantasy XIV ya kwanza ya 2010 ilishindwa wakaizima 2012 na kuijenga upya, hii tunayocheza ni ya 2013.

Hatua ya 7: sasa lipa, ila lipa hivi

Daftari limesema ndiyo, pingi inavumilika, watu umewapata. Lipa mwezi mmoja. Mmoja. WoW kifurushi cha miezi 6 kimekuwa kikiuzwa dola 77.94, ukilipa mwezi mmoja mmoja mara sita ni 89.94, unaokoa dola 12. Lakini mwezi mmoja mmoja mara tano ni 74.95, maana yake faida yote inakuja ukimaliza mwezi wa sita wenyewe, ukichoka mwezi wa tatu umeacha karibu dola 33 mezani. Miezi sita lipia mwaka wa pili, ukishajijua.

Tumia kadi ya mtandaoni siyo kadi ya mshahara. Kenya kuna M-Pesa GlobalPay, huku kwetu pia mitandao ya simu na benki zinatoa kadi za namna hiyo. Unaweka hela ya mwezi huo tu, ikiisha hakuna wa kukata tena.

Ukishalipa, palepale, kabla hujaingia kwenye gemu, nenda kwenye akaunti ukazime malipo ya kujirudia. Siku zako 30 zinabaki, hawakutoi. Piga picha ya kioo inayoonyesha umezima na uihifadhi. Hii ingeniokoa ile miezi mitatu.

Mitego miwili ya Final Fantasy XIV niseme kabisa. Ukishapandisha akaunti kutoka jaribio kwenda kamili, huwezi kurudi kwenye jaribio, hata ukiacha kulipa huchezi tena ile sehemu ya bure kwa akaunti hiyo. Kwa hiyo maliza leveli 70 kwanza, usipandishe leveli 30 kwa sababu ya haraka. Na wa pili, ukinunua kwa Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, basi nyongeza zote za kompyuta utazinunua Steam maisha yote, na ukinunua duka la Square Enix hivyohivyo, hazichanganyiki. Nimeshaona watu wananunua nyongeza ya Steam kwa punguzo, haiingii kwenye akaunti yao.

Kuhusu namba za siri za kulipia (code) za bei rahisi za kwenye makundi ya mauzo, angalia kanda. Muda wa kucheza wa WoW ya Ulaya haufanyi kazi akaunti ya Marekani. PlayStation vilevile, wengi wetu tuna akaunti za nchi nyingine, kadi lazima iwe ya nchi hiyohiyo ya akaunti. Na dhahabu ya kununua kwa mtu usiguse, akaunti inafungiwa na hela imeenda.

Kulipa kwa dhahabu ya ndani ya gemu

Hii inawavuta sana vijana wasio na kadi. WoW kuna tokeni tangu 2015, mtu mwingine anainunua dola 20, anaiuza sokoni kwa dhahabu, wewe unainunua kwa dhahabu yako na kupata siku 30. EVE kitu cha namna hiyo kinaitwa PLEX, Old School RuneScape kinaitwa bondi. Ni halali kabisa na inafanya kazi. Lakini irudishe kwenye daftari: inakuchukua saa ngapi kupata hiyo dhahabu? Kama ni saa 15 kati ya 22 zako, basi kodi umelipa kwa jasho na muda wa kuishi ndani ya chumba umekuisha. Kwa mwanafunzi mwenye likizo ndefu inaweza kuwa sawa. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, elfu 40 ni nafuu kuliko jioni 8.

Hatua ya 8: siku ya 25

Weka alamu ya simu siku ya 25 baada ya kulipa. Siku hiyo usicheze, soma daftari la mwezi. Tiki ngapi? Umetumia saa ulizotabiri? Kuna mtu anakungoja mwezi ujao, au ni wewe tu unaogopa kuachwa nyuma? Kama tiki zimezidi nusu lipa mwezi mwingine, tena mmoja. Kama hazijafika acha, na kwenye kuacha kuna vitu vya kufanya: waage gildi, usipotee tu, wanaweza kukaa wiki mbili wanapanga mambo kwa kukuhesabu. Na kama una nyumba Final Fantasy XIV, jua kwamba usipoingia ndani yake siku 45 inabomolewa, kiwanja kinaenda kwa mwingine. Mimi nyumba yangu ilikuwa ndogo ya pembeni karibu na maji, nilihangaikia bahati nasibu ya viwanja miezi minne kuipata, na nilikuja kujigundua nalipa ada mwezi wa pili mfululizo kwa ajili ya ile nyumba tu, naingia, nazunguka sebuleni, natoka. Nikakaa nikatoa fanicha zote, nikaiacha. Ilikuwa ngumu, siku hiyo nilipiga picha kila chumba.

Ukiacha usifute akaunti. Mhusika wako anabaki, na Square Enix huwa wanafungua mlango mara kwa mara kwa waliokaa siku 30 au zaidi bila kulipa, wanakupa siku chache za bure urudi uangalie, WoW nao hufanya wikiendi za namna hiyo. Zikitokea, chukua daftari lilelile, fungua ukurasa mpya, andika saa uliyoanza.